Namna ya Kuwa Shabiki wa Nyimbo za Injili Bila Kuwaaibisha Waimbaji

Mwongozo huu ni kwa ajili ya yule anayejitapa kila mahali kwamba anapenda sana nyimbo za Injili, halafu akiulizwa anampenda nani anataja kibao kimoja alichokisikia kwenye harusi ya shemeji yake. Ni kwa ajili pia ya mzee wa kanisa anayeshikilia kwamba uimbaji ulikufa siku kinanda cha umeme kilipoingia kanisani, na kwa kijana anayedhani ulizaliwa siku hiyohiyo. Nawapenda wote watatu, kwa sababu wote watatu wanaimba. Ila wanahitaji kunyooshwa, na kazi hiyo naifanya kwa moyo mkunjufu.

Vifaa ni vichache: masikio mawili, simu yenye bando, kitabu cha nyimbo ambacho jalada lake limeshabadilishwa kwa karatasi ya kaki, na leso. Leso usiiache nyumbani. Sebene likianza utafutia jasho, na "Nibebe" ya Rose Muhando ikifuata utafutia machozi, na hakuna wa kukucheka kwa sababu jirani yako naye anaitafuta ya kwake.

Kwanza, fungua kitabu

Kosa la kwanza la shabiki mchanga ni kuanza na wimbo uliotoka wiki iliyopita. Anza na kitabu cha kanisani kwenu. Mlutheri ana *Mwimbieni Bwana*, Msabato ana *Nyimbo za Kristo*, na makanisa mengine chungu nzima yamelelewa na *Tenzi za Rohoni*. Chagua wimbo mmoja ambao umeuimba tangu utotoni bila kuutafakari, kisha ulizia nani aliutunga na alikuwa anapitia nini.

Chukua "Ni Salama Rohoni Mwangu". Horatio Spafford alikuwa mwanasheria wa Chicago. Novemba 1873 mkewe na mabinti zao 4 walipanda meli iliyoitwa Ville du Havre kwenda Ulaya. Meli ikagongana na nyingine katikati ya Atlantiki ikazama. Mabinti wote 4 wakafa, mama akaokolewa. Spafford akapanda meli kumfuata mkewe, na maneno ya wimbo ule yanatoka katika safari hiyo. Aliyeutia lahani ni Philip Bliss, mwaka 1876, na Desemba ya mwaka huohuo Bliss na mkewe wakafa katika ajali ya treni. Sasa rudi kanisani Jumapili ijayo uuimbe huku unatafuna pipi kama utaweza.

Au chukua "Usinipite Mwokozi" wa Fanny Crosby, aliyekuwa kipofu tangu uchanga wake na akaandika nyimbo zaidi ya 8,000. Ukisikia mtu analalamika kwamba mwimbaji fulani wa siku hizi anatoa nyimbo nyingi mno, mtajie Crosby, kisha mwache apumue.

Hapa ndipo mzee wetu wa kanisa anapohitaji kushikwa mkono. Nyimbo anazoziita za asili, zile anazotaka ziimbwe polepole bila makofi, zilikuwa muziki wa kisasa wa enzi zao. Ira Sankey, mwimbaji aliyefuatana na mhubiri Dwight Moody, alipofika Edinburgh mwaka 1873 na kinanda chake kidogo cha kukanyaga kwa miguu, wapo waumini wa Kiskoti waliokerwa vibaya. Wao walizoea zaburi, zikiimbwa kwa sauti tupu. Nyimbo zilizotungwa na binadamu, zenye kiitikio cha kurudiarudia, tena zinasindikizwa na kinanda! Yale malalamiko mzee wangu anayoyatoa leo kuhusu gitaa la besi yaliwahi kutolewa dhidi ya nyimbo anazozitetea. Namwomba asikasirike. Namwomba aimbe tu, maana anaimba vizuri, na sauti ya nne ya wazee ikipotea kanisani hakuna spika itakayoirudisha.

Pili, jua ngoma iliingiaje

Shabiki wa kweli anajua kwamba ngoma inayomrusha Jumapili haikupewa kiti kwa urahisi. Kwa miaka mingi wamisionari wengi waliifungia nje pamoja na manyanga na vigelegele. Basi jifunze jina la Kamina, mji wa Katanga nchini Kongo. Hapo, mwaka 1958, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, pamoja na waimbaji Wakongo, waliimba misa ya Kilatini kwa lahani za Kiluba na kwa ngoma. Ndiyo *Missa Luba*. Mwaka huohuo wakasafiri kuiimba Ulaya. Miaka 5 baadaye, Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati yake juu ya liturujia, na mlango wa lugha na muziki wa kila taifa ukafunguka rasmi. Mtu akikwambia kwamba ngoma ni mambo ya vijana wa juzi, mtajie Kamina, kisha mpe kayamba ashike.

Upande wa Walutheri, tafuta habari za chuo cha Makumira, karibu na Arusha. Pale chuoni alifundisha Howard Olson, mmisionari Mmarekani aliyekusanya lahani za makabila ya Tanzania na nyimbo za Kikristo zilizotungwa juu yake. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, mchungaji kutoka Kagera, akaandika "Mfurahini, Haleluya" kwa lahani ya nyumbani kwao. Wimbo huo wa Pasaka leo uko katika kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani, namba 116. Yaani watu waliotuletea vitabu vya nyimbo sasa wanafungua vyao na kuimba wimbo wa Kagera asubuhi ya Pasaka. Habari hii naomba uikariri. Itamke sebuleni mbele ya wageni hata kama mazungumzo yalikuwa juu ya bei ya sukari.

Kwa Wakatoliki kuna somo la ziada, na ni somo tamu. Nenda kwenye mazoezi ya kwaya ya parokia yoyote kubwa ya Dar es Salaam jioni ya siku ya kazi. Usikae mbele. Kaa kwenye benchi la nyuma utazame karatasi zao. Hutaona nota zenye vichwa na mikia. Utaona herufi, d, r, m, f, s, l, t, zikiwa zimepangwa mistari minne, na maneno chini yake. Mwalimu anatoa do kwa mdomo, sauti ya kwanza inachukua sehemu yake bila maneno, kwa solfa tupu, "so so la so mi", kisha sauti ya pili, kisha ya tatu ambayo siku zote ina upungufu wa watu, kisha besi. Kila kundi peke yake linaonekana kama linaimba wimbo ambao haujakamilika. Halafu mwalimu anasema, "Haya, pamoja", na kuta za ukumbi zinabadilika. Mtu aliyewahi kuisikia sekunde hiyo ya kwanza ya sauti nne hahitaji kuhubiriwa tena kuhusu kwaya. Kwa karatasi za namna hiyo ndivyo kazi za watunzi kama John Mgandu, aliyefundisha muziki Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Bernard Mukasa, zilivyosambaa parokia hadi parokia, zikivuka hata mipaka ya nchi, mara nyingi zikiwa zimenakiliwa kwa mkono na mwanakwaya mwenye mwandiko mzuri na subira.

Tatu, acha kucheka video za zamani

Najua unazijua. Kwaya imepangwa kwenye bustani yenye maua au juu ya majabali ya Mwanza, sare mpya, kola nyeupe. Hatua mbili kushoto, hatua mbili kulia. Likitajwa neno mbingu, mikono yote inaelekea juu; likitajwa neno moyo, mikono inashika kifua. Nyuma kabisa kuna kaka mmoja mrefu ambaye amechelewa hatua moja na anajitahidi kuwafikia wenzake. Kamera inavuta karibu, inamwonyesha, inarudi. Kijana, ukiiona video hiyo, kaa kwa adabu. Watu wale walichangishana wenyewe nauli, kitambaa, fundi cherehani na gharama za studio, na wengi wao hawakupata hata shilingi. Waliimba kwenye kanda zilizouzwa kwenye mabasi na vibanda, zikachezwa hadi utepe ukakwaruza.

Kwaya ambayo kila shabiki lazima aijue ni ile ya Ulyankulu, Barabara ya 13. Jina tu linatosha kumfanya mtu wa miaka ya tisini aweke kikombe cha chai mezani. Ulyankulu, mkoani Tabora, ni makazi yaliyoanzishwa baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 1972 kwa ajili ya watu waliokimbia kifo. Makazi yalipimwa kwa barabara, na barabara zikapewa namba. Basi fikiria watu waliopoteza nchi, wakapewa namba ya barabara, wakaichukua namba hiyo wakaifanya jina la kwaya inayojulikana Afrika Mashariki nzima. Wanapoimba juu ya safari na nyumbani kwa milele, sauti za kina mama zikiwa juu kabisa, kali na nyoofu, hawatumii mafumbo waliyoyaazima mahali.

Kutoka huko nenda Mwanza kwa AIC Makongoro, nenda Arusha kwa Tumaini Shangilieni, kisha shuka hadi Dar es Salaam kwa Neema Gospel Choir wa AIC Chang'ombe, ambao wanakuthibitishia kwamba kwaya haijafa ila imenunua maikrofoni bora. Halafu vuka hadi Kigali.

Ukifika Kigali punguza mwendo. Ambassadors of Christ ni kwaya ya Wasabato wa Remera iliyoanzishwa 1995, mwaka mmoja baada ya mauaji ya kimbari. Walichagua kuimba kwa Kiswahili pia, na "Kwetu Pazuri" ikaingia katika kila nyumba kuanzia Kigoma hadi Mombasa. Ni wimbo wa kutamani nyumbani mbinguni. Mei 2011, wakirejea Rwanda kutoka ziara ya Tanzania, walipata ajali ya barabarani, na waimbaji wao 3 wakafariki. Waliobaki waliendelea kuimba. Usiuweke wimbo huo kuwa mlio wa simu ya kuamkia saa kumi na moja alfajiri. Ukae nao ukiwa huna haraka.

Nne, sikiliza waimbaji binafsi bila kuwapanga ligi

Ugonjwa mkubwa wa mashabiki ni swali la nani mkali. Ukiliuliza kwenye daladala utasababisha watu kupitiliza vituo. Tiba yake ni kumsikiliza kila mmoja kwa kile alichokuja nacho.

Rose Muhando, mzaliwa wa mkoa wa Morogoro, alikuja na sauti inayokwaruza na miguu isiyotulia. Kabla ya "Kitimutimu" wengi walidhani mwimbaji wa Injili lazima asimame kama yuko kwenye picha ya kitambulisho. Yeye alichukua mwendo wa ngoma za kwao, akauchezesha mwili mzima, na akaimba juu ya majungu, umaskini na usaliti kwa maneno ya uani, yale ambayo mama lishe anayasema akiwa anapepea mkaa. Nasema bila kusita kwamba hakuna aliyebadilisha uimbaji wa Injili wa Tanzania kuliko mwanamke huyu. Usinipangie ligi, lakini hilo nimelisema.

Christina Shusho wa Kigoma ni kinyume chake, na ndiyo raha ya shamba hili. Anaimba kama anayezungumza na mtu aliye karibu. "Unikumbuke" haina hata neno la kupigia kelele, na watu wazima wanashindwa kuimaliza.

Angela Chibalonza alitoka Kongo akafanya kazi yake Kenya. Sauti yake ilikuwa nene, tulivu, na Kiswahili chake kilikuwa na ladha ya mashariki ya Kongo ambayo haijifichi. Ajali ya barabarani ilimchukua mwaka 2007. Bado hakuna ibada ya kusifu ya Nairobi, Bukavu au Dar inayokamilika bila mtu kurudi kwenye "Uliniumba Nikuabudu". Shabiki anayeujua wimbo bila kumjua mwenye wimbo ana deni, na deni hilo alilipe wiki hii.

Reuben Kigame wa Kenya haoni kwa macho, na "Enda Nasi", aliouimba na Gloria Muliro, umejengwa juu ya ombi la Musa katika Kutoka 33: tusiondoke hapa kama huendi nasi. Umeshaimbwa kwenye mahafali, misiba, kampeni na kila kikao cha harusi ambacho bajeti yake haijatimia. Faustin Munishi, Mtanzania aliyepata makao Kenya, alifundisha kizazi kizima kwamba wimbo wa Injili unaweza kuwa hadithi na tena ukauma. Ambwene Mwasongwe anaandika mashairi yanayomtaka msikilizaji atulie asikilize hadi mwisho. Joel Lwaga na Mercy Masika ni wa kusikilizwa usiku taa zikiwa zimezimwa. Na Zabron Singers wa Kahama, ndugu wa familia ya Kisabato, wameonyesha kwamba vijana waliokulia kwenye sauti nne za kwaya wanaweza kujaza uwanja bila kuziacha sauti hizo nyumbani.

Tusiwasahau waliotoka upande wa pili wa mji. Cosmas Chidumule alikuwa mwimbaji wa dansi kabla ya kuigeukia Injili. Remmy Ongala, Dakta Remmy wa Super Matimila, naye katika miaka yake ya mwisho aliiacha dansi akamwimbia Mungu, hadi alipofariki Desemba 2010. Mtu akikushutumu kwamba gitaa la nyimbo za Injili linafanana na la dansi, kubali mara moja. Linafanana kwa sababu vidole vilikuwa vilevile.

Tano, adabu za shabiki

Hapa sitanii hata kidogo, ingawa utadhani natania.

Usiombe namba ya simu ya mwimbaji. Uliza jina la mtunzi. Kwaya nyingi zinajulikana kwa nyimbo ambazo mtunzi wake ameketi safu ya tatu akishika sauti ya besi, na hakuna aliyewahi kumpa mkono.

Ukienda kwenye tamasha, usinyanyue tableti lako mbele ya uso wa mama aliyekuja kutoka Mbagala kwa daladala mbili kumwona Bahati Bukuku. Video yako itakuwa inatikisika, na yeye atakuwa ameona mgongo wako.

Ukiona mwimbaji anatumia pleibeki, usizomee kabla ya kujua kama mwenyeji alikodi bendi. Mara nyingi kamati ilitenga fedha za hema, keki na mapambo ya meza kuu, na za wapiga vyombo ikamwambia mtumishi azione kama mbegu. Mwambie mwenyekiti wa kamati, kwa upole lakini asikie. Mwimbaji wa Injili anapanda basi kwa nauli ileile ya wengine na ada za shule za watoto wake hazilipwi kwa vigelegele.

Kwa hiyo lipa. Nunua wimbo pale unapouzwa, weka wa kwake kuwa mwito wa simu yako kama uko Kenya na unatumia huduma ya Skiza, sikiliza kwenye ukurasa wake mwenyewe badala ya ule wa mtu aliyeudokoa na kuuandikia jina la kubahatisha. Kumtunza mwimbaji jukwaani ni vizuri, nami hushangilia nikiona mama anateremka kwa madaha na noti yake. Ila noti ya jukwaani isiwe ndiyo ya kwanza na ya mwisho.

Fundi mitambo naye ana nafasi katika mwongozo huu. Ndugu, kinanda kishushwe. Watu 40 wamejifunza sauti nne kwa miezi, wamegombana na kupatana, halafu wewe unakipandisha kinanda hadi tunasikia ngoma za kompyuta peke yake. Tunakuomba kwa jina la Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, ambaye sikukuu yake ni tarehe 22 Novemba. Hata kama wewe ni Mpentekoste.

Ukishayatimiza hayo yote, imebaki hatua moja, nayo ndiyo mashabiki wengi huikwepa. Kwaya ya mtaa wenu ina mazoezi wiki hii, na ina upungufu wa sauti ya tatu. Nenda ukiwa umevaa nguo za kawaida. Utapewa karatasi ya solfa isiyosomeka vizuri na utasimamishwa karibu na mtu anayejua. Mwalimu atakupa do na kukuambia uifuate. Ulikwenda ukitaka kuwa mwimbaji kiongozi. Akisema wewe ni sauti ya pili, simama na sauti ya pili, fungua mdomo, na uingie pale atakapopunga mkono.